Kufuli, Ufunguo na Kidonge: Kufundisha Namna Dawa Inavyofanya Kazi Mwilini

Miongoni mwa mada ambazo mwanachuo huziogopa anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, mada ya dawa imo. Si kwamba ni ngumu kuliko nyingine. Shida ni kwamba wanafunzi wa shule ya msingi wanayo mengi ya kusema juu yake hata kabla mwalimu hajafungua kinywa. Kila mtoto amekwisha kumeza kidonge, na kila mtoto anaye bibi au shangazi aliyemweleza kidonge hicho hufanya nini. Mwalimu aingiaye darasani akidhani kwamba anaandika juu ya ubao mtupu atashangaa upesi.

Katika makala hii twakusudia kueleza jambo moja tu la mada hiyo, yaani namna dawa inavyoshikana na sehemu maalumu za seli ziitwazo vipokezi. Tulilifundisha pamoja na wanachuo wetu kwa vipindi vitatu, katika shule moja ya msingi ya Utemini, mjini Singida, Darasa la Sita, wanafunzi 52. Kipindi cha kwanza kiliharibika. Tutaanza na hicho, maana ndicho kilichotufunza zaidi.

Mwanachuo aliyeshika kipindi alikuwa amejiandaa vema. Alichora mtu ubaoni, akachora kidonge kinywani mwake, kisha mshale mrefu uliokwenda hadi kichwani. Akasema: "Dawa huenda mahali panapouma." Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono. "Mwalimu, kidonge kinajuaje kwamba kinachouma ni kichwa, wala si mguu?" Mwanachuo akajibu kwamba damu ndiyo inayokipeleka. "Na damu inajuaje?" Darasa zima likacheka, naye mwanachuo akacheka pia, jambo ambalo tulilipenda. Lakini jibu hakuwa nalo.

Muda mfupi baadaye mvulana mmoja akasimulia kwamba nyumbani kwao mdogo wake akikohoa usiku hupewa kidonge kizima cha piritoni, kile cha watu wazima, "ili dawa ifike haraka", naye mtoto hulala hadi saa nne ya asubuhi. Aliisema habari hiyo kwa furaha. Wanafunzi wengine kadhaa wakadakia kwamba hata kwao hufanywa vivyo hivyo.

Jioni, tulipokaa kulijadili somo, tuliona kwamba swali la yule msichana na habari ya yule mvulana yalikuwa jambo moja. Mtu anayeamini kwamba dawa huenda moja kwa moja mahali panapouma hana sababu ya kuogopa kuiongeza. Kwake yeye dawa iliyozidi haina pengine pa kwenda. Itarundikana tu palepale panapouma na kuponya upesi zaidi. Hapana budi kosa hilo la kwanza liondolewe kwanza, ndipo la pili litakapoweza kuguswa.

Basi mwalimu mwenyewe yampasa ajue nini?

Ajue kwamba dawa haijui njia. Kidonge huyeyuka tumboni, dawa iliyomo hupenya ukuta wa utumbo, hupita katika ini, kisha huingia katika damu ya mwili mzima. Damu ya mtu aliyetulia huzunguka mwili wote kwa muda wa dakika moja hivi. Kwa hiyo dawa hufika kichwani, na mguuni pia. Hufika kwenye jino bovu na kwenye jino zima. Inafanya kazi pale tu inapokuta kitu cha kushikana nacho. Kitu hicho, kwa dawa nyingi, ni kipokezi: molekuli kubwa ya protini, aghalabu iliyopachikwa katika utando wa seli, yenye kijishimo ambamo molekuli ndogo ya umbo linalofaa huweza kuingia na kukaa kwa muda. Seli moja yaweza kuwa na vipokezi maelfu kwa maelfu. Seli isiyokuwa na kipokezi cha dawa fulani huiona dawa hiyo ikipita, isishtuke.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1894 mtaalamu wa kemia wa Ujerumani, Emil Fischer, alifananisha kimeng'enya na kile kinachomeng'enywa na kufuli na ufunguo wake. Mwaka 1905 John Newport Langley, huko Cambridge nchini Uingereza, alichunguza misuli ya kuku. Aliona kwamba nikotini, ile dawa iliyomo katika tumbaku, huufanya msuli ukaze, hata kama mshipa wa fahamu unaoongoza msuli huo umekatwa na kufa. Kisha akaona kwamba kurare, sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika Kusini, huizuia nikotini isifanye hivyo. Lakini msuli uliotiwa kurare, ukiguswa kwa umeme, ulikaza kama kawaida! Basi nikotini haikuwa ikifanya kazi kupitia mshipa wa fahamu, wala kurare haikuwa imeua msuli. Langley akahitimu kwamba katika msuli kuna kitu cha tatu, kitu kipokeacho, ambacho sumu zote mbili hukigombania. Hakukiona kwa macho. Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa amekwisha kulitumia neno lenyewe, kipokezi, tangu mwaka 1900, naye hakukiona. Leo maumbo ya vipokezi vingi yanajulikana hata kwa kila chembe yake, na mwaka 2012 Wamarekani Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa uchunguzi wao juu ya jamii moja kubwa ya vipokezi.

Hayo ni ya mwalimu. Mwanafunzi wa Darasa la Sita haimlazimu kumjua Langley, ijapokuwa kisa cha kuku wake huwapendeza. Kwa mwanafunzi tulihitaji mfano wa kwake, nao hatukuutafuta mbali. Singida ni nchi ya asali. Tulipouliza ni nani aliyewahi kuumwa na nyuki, mikono yote ilikwenda juu, na ilituchukua robo ya kipindi kusikiliza visa. Mwanachuo asiogope kuupoteza muda huo.

Nyuki akiuma, sumu yake huzifanya seli fulani za ngozi zimwage kitu kiitwacho histamini. Histamini ni mjumbe wa mwili wenyewe. Ina kipokezi chake katika mishipa midogo ya damu, na inaposhikana nacho mishipa hutanuka na kuvuja maji, ndipo ngozi huvimba na kuwa nyekundu. Ina kipokezi katika mishipa ya fahamu ya ngozi, ndipo mtu hujikuna. Katika ubongo nako histamini ina vipokezi vya namna hiyohiyo, lakini kazi yake huko ni nyingine kabisa: humsaidia mtu kukaa macho. Klorfeniramini, ambayo watu wengi huiita piritoni, huingia katika vipokezi hivyo na kukaa kimya. Haileti ujumbe wowote. Huziba nafasi tu. Ikikaa katika ngozi, mwasho hupungua. Ikikaa katika ubongo, usingizi huja. Dawa ni hiyohiyo na kipokezi ni kilekile, ila mahali ni pawili. Wanafunzi walipofika hapo, yule mvulana wa piritoni akasema taratibu: "Kumbe mdogo wangu halali kwa sababu amepona." Hatukuongeza neno.

Sasa twende kwenye zana.

Katika kipindi cha pili tulileta kufuli moja kuukuu na funguo tatu. Ufunguo wa kwanza ni wa kufuli yenyewe. Wa pili ni wa kufuli nyingine, hauingii kabisa. Wa tatu tulimwomba fundi wa sokoni autengeneze: unaingia sawasawa, lakini meno yake yamekwanguliwa, hivyo hauzunguki. Mwanafunzi ajaribu mwenyewe. Ufunguo unaoingia na kuzunguka ni mjumbe wa mwili, au dawa iigayo mjumbe huyo, kama vile salbutamoli inayovutwa na mgonjwa wa pumu, ambayo huamsha vipokezi vya adrenalini katika mirija ya mapafu na kuifanya itanuke. Ufunguo unaoingia usizunguke ni dawa izuiayo, kama piritoni. Maadam umo ndani ya kufuli, ufunguo halisi hauna pa kuingilia. Twasisitiza ufunguo huu wa tatu, kwa kuwa vitabu vingi vya shule huonyesha funguo mbili tu, ule unaofaa na ule usiofaa, na mwanafunzi hutoka akidhani kwamba kila dawa iingiayo lazima iwashe kitu. Kuingia ni jambo moja na kuzungusha ni jambo jingine. Tofauti hiyo ikieleweka, nusu ya elimu ya dawa imeeleweka.

Hata hivyo kufuli ina udhaifu wake, na udhaifu huo ulifichuliwa na wanafunzi, si sisi. Mmoja aliuliza: "Kama kidonge kimeziba, mbona tunameza tena mchana na usiku?" Ni swali zuri mno. Ufunguo wa chuma hukaa katika kufuli mpaka mtu autoe. Molekuli ya dawa haikai hivyo. Huingia, hutoka, huingia tena, mara nyingi kwa muda mfupi sana, na wakati huo ini na figo zinaendelea kuiondoa dawa katika damu. Kadhalika kufuli ni ngumu, lakini kipokezi hujikunja na kubadili umbo kidogo kinaposhikwa, na kubadilika huko ndiko ujumbe wenyewe. Zaidi ya yote, kufuli moja haiwezi kufundisha kipimo. Haina wingi.

Kwa ajili ya wingi tulijaribu kwanza viti. Tuliweka viti 10 mbele ya darasa, wanafunzi wenye karatasi nyekundu wakawa histamini, wenye nyeupe wakawa piritoni, filimbi ikipulizwa kila mmoja atafute kiti. Zoezi hili twalisimulia ili ndugu mwanachuo aliepuke. Wavulana wakubwa walikuwa wote upande wa nyeupe. Walivishika viti vyote 10, kiti kimoja kikavunjika mguu, na mwalimu wa darasa la pili alikuja kuuliza kuna nini. Ni kweli kwamba ziko dawa zinazong'ang'ania vipokezi kwa nguvu kuliko nyingine, na hilo tungeliweza kulifundisha papo hapo kama tungelikuwa na akili ya kutulia. Hatukuwa nayo.

Katika kipindi cha tatu tulirudi na makopo, mahindi na maharage. Kila kundi lilipewa kipande cha ubao chenye vishimo 10, kama vya bao. Penye uhaba, vishimo vichimbwe chini nje ya darasa. Vishimo ni vipokezi vya ngozi. Punje ya hindi ni histamini, haragwe ni piritoni. Mwanafunzi hufumba macho, huchota punje 10 kutoka katika kopo, moja moja, na kuzipanga katika vishimo. Kisha huhesabu mahindi tu, kwa kuwa ndiyo yanayowasha. Punje hurudishwa, kopo hutikiswa, na zoezi hurudiwa mara 5 ili kupata wastani.

Kopo la kwanza lilikuwa na mahindi 20 matupu. Jibu ni 10 kila mara, na wanafunzi waliona ni mchezo wa kitoto. Katika kopo la pili tuliongeza maharage 20. Sasa majibu yalitofautiana, mara 4, mara 6, mara 7, na ubishi ukaanza, lakini wastani ulikaribia 5. Katika kopo la tatu mahindi yalikuwa 20 na maharage 60. Wastani ukashuka hadi kati ya 2 na 3. Katika kopo la nne maharage yalikuwa 180. Kabla hawajachota tuliwataka wakisie. Wengi walisema mwasho utakwisha kabisa. Ukawa 1 hivi. Maharage 20 ya kwanza yalikuwa yameondoa mwasho wa vishimo 5. Maharage 120 ya mwisho yaliondoa wa kishimo kimoja na nusu tu. Tuliyaandika yote ubaoni, tukanyamaza, tukawaacha wayatazame.

Kisha tukaleta ubao wa pili wenye vishimo 10 na kuuita ubongo. Ubongo umezungukwa na kizuizi kinachopunguza vitu vinavyoingia kutoka katika damu, kwa hiyo tulikata kwamba kopo la ubongo litapata haragwe moja kwa kila maharage 6 ya ngozi. Haya ni mahesabu ya kufundishia, wala si kipimo cha dawa halisi, na yafaa wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi. Kipimo kinapokuwa maharage 60 katika ngozi, ubongo hupata 10 pamoja na mahindi yake 20, na vishimo vitatu hivi huzibwa. Kipimo kinapokuwa 180, ubongo hupata 30, na vishimo 6 huzibwa. Hapo nyongeza haikuwa na faida kubwa tena kwa ngozi, lakini usingizi umeongezeka maradufu. Msichana wa dirishani alilisema hilo kabla yetu: "Ngozi imejaa, lakini kichwani bado kuna nafasi." Kwa mtoto mchanga usingizi huo huweza kuandamana na kupungua kwa pumzi. Kidonge cha kawaida cha piritoni kina miligramu 4, ambacho ni kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa nusu yake, na aliye mdogo zaidi hapaswi kupewa pasipo kauli ya daktari.

Mwanafunzi mwingine alitaka kujua itakuwaje mahindi yakiongezwa. Tulimwacha aongeze mwenyewe. Aliona kwamba maharage yaliyotosha hapo awali hayatoshi tena. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyevamiwa na kundi zima la nyuki, au kwa yule ambaye mwili wake hauvumilii sumu ya nyuki hata mmoja: histamini na vitu vingine humwagika kwa wingi, koo huvimba, pumzi hubana, mtu huzirai. Hapo kidonge hakitoshi wala hakiwahi. Hospitalini mgonjwa hudungwa adrenalini katika msuli wa paja. Adrenalini haigombanii kiti na histamini hata kidogo. Ina kufuli zake yenyewe, katika mishipa ya damu, katika moyo na katika mirija ya mapafu, na huizungusha mishipa ikaze na mirija itanuke. Mwalimu katika nchi ya mizinga ya nyuki asiyeijua habari hii aweza kumketisha mtoto kivulini akingoja kidonge kifanye kazi, na muda ukapita.

Palipobaki nafasi tulitoa mfano wa mishale. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilayani Mkalama, hupaka mishale yao sumu ya mimea, ikiwamo ya jenasi ziitwazo na wataalamu Adenium na Strophanthus. Sumu za namna hii hushika protini ya utando wa seli za moyo inayosukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu, pampu ambayo Jens Christian Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957. Wataalamu wengine hawataki kuiita kipokezi, kwa sababu ni pampu, nasi hatuna ugomvi nao. Namna ya kushikana ni ileile. Daktari John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi wa miaka ya 1858 hadi 1864 na baadaye akawa balozi wa Uingereza Unguja, alihifadhi sumu ya mshale ya jamii hiyo pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kutokana na mimea hiyo ilipatikana dawa ya moyo, strofanthini, iliyochunguzwa na Thomas Fraser huko Edinburgh. Digoksini itumikayo hospitalini hadi leo hushika pampu hiyohiyo. Sumu na dawa zilipishana kwa kipimo tu. Mfano huu huwavutia sana wanafunzi, hivyo mwanachuo awe na hadhari: asiulizie wala asiruhusu mtu yeyote kuleta sumu yenyewe darasani. Wala vidonge halisi visitumiwe kuwa zana. Ndiyo maana tulichagua nafaka.

Swali la malaria halikosi kuulizwa. Dawa ya malaria haishiki kufuli ya mtu. Hutafuta ya kijidudu. Chukua dawa ya SP, ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2001 mahali pa klorokwini iliyokuwa imeshindwa. Sehemu yake moja, pirimethamini, huziba kimeng'enya cha kijidudu kinachohitajika katika kutengeneza vifaa vya urithi wake. Lakini miongoni mwa vijidudu walikuwamo ambao kimeng'enya chao kilikuwa kimebadilika umbo kidogo. Ufunguo haukukaa vema tena. Hao ndio waliopona na kuzaana. Kuanzia mwaka 2006 dawa mseto ikachukua nafasi yake kwa wagonjwa, ingawa SP bado hupewa wajawazito kwa ajili ya kinga. Ukiwa na kufuli kuukuu nyingine mkononi, mweleze mwanafunzi kwamba mwizi hakupoteza ufunguo; mwenye nyumba ndiye aliyebadili kitasa. Katika mfano huu, bahati mbaya, mwizi ni sisi.

Siku mbili baada ya kipindi cha tatu mama wa yule mvulana alifika shuleni. Alitaka kumwuliza mwanachuo ampe mtoto wake mdogo nusu, au robo. Mwanachuo alijua kwamba mwalimu si mganga. Alimsihi ampeleke mtoto zahanati, maana kikohozi kinachorudi kila usiku kinahitaji kuchunguzwa chenyewe, si kulazwa usingizi. Akamsindikiza hadi langoni.

Makopo tuliyaacha shuleni kwa ajili ya madarasa mengine. Tuliporudi muhula uliofuata maharage yalikuwa yametobolewa na wadudu na mahindi yalikuwa yamepungua kwa njia tusiyoijua. Wanaotaka kulirudia zoezi hili watumie kokoto za rangi mbili.